Kile Kitu Ndani ya Pipa la Kanyiva

Jumatatu, Novemba 10, 2025

Wiki ya pili Ikutha. Jua la huku halina adabu. Saa tatu asubuhi shati limeshalowa na hapo sijainua hata ndoo. Kwetu Nunguni saa hizi watu wamevaa sweta, wanakunywa uji kwa heshima zao. Huku hata kuku wanahema.

Niandike kazi yenyewe, ili siku moja wajukuu wajue babu yao alianzia wapi. Mvua ikinyesha huko juu, mto Athi unajaa, na kambare wanaanza kupanda kwenda kutaga. Sisi tumewafungia njia. Kuna uzio wa nguzo na waya unaotoka ukingo huu wa Kitui hadi karibu na ule wa Makueni, na katikati kuna kasha la mtego. Samaki akifuata uzio, anajikuta kashani. Tunamtoa, tunampima urefu na uzito. Jike mwenye mayai anaingia kwenye tenki, anangoja gari la kumpeleka mjini Kitui, ambako mayai yake hutotolewa vifaranga vya mabwawa ya wakulima. Wengine tunawarudisha mtoni waende zao. Basi, imeisha. Kushika samaki! Mimi, Kiilu, mwenye diploma ya utalii na hoteli!

Lakini nina sababu. Tuko mafundi wawili wa msimu, na msimu ukiisha mmoja wetu ataajiriwa kabisa. Nafasi ni moja. Mwenzangu ni Kanyiva, mtu wa hapa hapa Ikutha, sauti ya kuitia ng'ombe, anacheka na kila anayepita. Leo ameniuliza kama glavu nimezivaa kwa sababu ya baridi. Mshamba.

Tatizo ni moja tu. Mwaitu, yaani mama yangu mzazi, nilishamwambia nimeajiriwa kabisa. Sikusema uongo. Nilisema mapema. Naye bila kuniuliza akasimama kanisani Nunguni, akatoa shukrani kwa Mungu aliyemfanya kijana wake meneja wa samaki. Hiyo ya meneja aliongeza mwenyewe. Kanisa likapiga makofi. Sasa nikirudi bila hii kazi, nitapita sokoni na uso gani?

Kwa hivyo hii kazi ni yangu. Kanyiva atafute nyingine.


Jumatano, Novemba 12

Mbinu ya kwanza. Madam Nduta, mkubwa wa kituo chetu cha samaki, huhesabia kila samaki kwa yule aliyemtoa mtegoni. Basi ni rahisi! Anayewahi ndiye anayetoa wengi. Nikaamka mapema, nikateremka mtoni kabla Kanyiva hajafunga hata kiatu. Sheria inasema tuingie wawili kwa sababu ya mamba. Sheria ziliandikwa kwa ajili ya waoga.

Niseme ukweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: samaki simpendi. Sisi Wakamba wa zamani hatukulelewa na samaki. Susu, bibi yangu, alikuwa akisema samaki na nyoka baba yao ni mmoja, na siku shangazi alipoleta mkebe wa samaki kutoka Mombasa, susu aliuzika nyuma ya choo. Ukilelewa hivyo, huwezi kumshika kambare kwa moyo mkunjufu. Ana masharubu. Samaki wa masharubu!

Nilimkamata wa kwanza mkiani, kwa ncha za vidole. Akanizaba kofi la uso. Nikateleza kwenye ubao, nikaingia mtoni mzima mzima, buti la kushoto likabaki kwenye matope. Kanyiva alinikuta nimekumbatia nguzo, naita jina la Yesu. Akaninyooshea mpini wa wavu, akanivuta, halafu akaketi chini acheke vizuri.

Hilo ningelisamehe. Lakini alipoopoa buti langu, lilikuwa zito. Kambare alikuwa ndani! Jike, tumbo limejaa mayai, mkubwa kuliko wote wa wiki hii. Madam akamhesabia Kanyiva. Nikalalamika kwamba buti ni langu, kwa hivyo mtego ni wangu. Madam akauliza kama ningependa pia ijulikane kwamba niliingia mtoni peke yangu. Nikasema tuendelee na kazi.


Ijumaa, Novemba 14

Mbinu ya pili, kujipendekeza, lakini kwa heshima. Nimegundua Madam Nduta ana kidonda. Yeye ni wa Murang'a, ana miaka mingi anazunguka huku Ukambani akiwafundisha watu kuchimba mabwawa. Mabwawa wanachimba. Samaki wanafuga. Kumla ndiyo hapana. Analalamika kwamba mzee mmoja alifuga tilapia hadi wakazeeka pamoja. Anasema Kitui wanatafuta mtu ambaye wenyeji watamwamini, awaondolee hiyo hofu.

Nikamwambia basi ametafuta mbali aliye karibu. Nikamwambia mimi samaki ndiyo mboga yangu, nimekula samaki tangu meno ya utotoni. Akafurahi sana. Nilijipongeza njia nzima.

Saa saba akatuita chakula. Alikuwa ametukaangia tilapia, kila mtu wake mzima. Wa kwangu ndiye mkubwa kwa sababu mimi ndiye mpenzi wa samaki. Macho anayo. Ananiangalia. Kanyiva alikula wake akamaliza, akafyonza kichwa, akalamba vidole kama mtu asiye na wazazi. Mimi nilikuwa nameza chapati huku samaki anaingia mfukoni, kipande kwa kipande, huku nasema mmh, mmh, kitamu.

Kazi safi kabisa. Hadi saa nane, paka wa Musyoka aliponifuata. Musyoka ni mlinzi wetu, ana paka mmoja mwembamba asiyemjali mtu. Leo alinijali. Alinifuata kwenye mizani, akanifuata kwenye tenki, na nilipokuwa nampa Madam maelezo ya maji akanipanda suruali. Madam akauliza kuna nini. Nikasema wanyama hunipenda. Kanyiva akaongeza kwamba hata kambare walinipenda juzi hadi wakaingia kwenye buti.

Suruali nimeifua mara mbili. Bado inanuka. Shenzi.


Jumatatu, Novemba 17

Balaa! Balaa tupu!

Asubuhi Kanyiva ameingiza wavu mtegoni, akatoa kitu. Kirefu kama mkono wangu. Cheusi mgongoni, manjano tumboni. Hakina shingo, hakina magamba ya kuonekana, kinajikunja na kujikunjua. Nilikuwa nimeshafika kwenye lango la kituo kabla hawajaniita.

Kumbe ni samaki! Ati mkunga. Madam Nduta alishika kichwa kwa mikono miwili, karibu alie. Anasema huyu huzaliwa baharini, anaingia mtoni akiwa mdogo kama uzi, anapanda Athi yote hii kati ya mamba na viboko, na hapa kituoni tangu kifunguliwe hawajawahi kumpata hata mmoja. Amepiga simu Kitui. Wakubwa wanakuja wiki ijayo Jumanne kumwona, na siku hiyo hiyo watamchagua fundi wa kuajiriwa.

Basi kila kitu kimekuwa Kanyiva. Kanyiva kapewa pipa la buluu chini ya kibanda cha mabati. Kanyiva kapewa pampu ya hewa. Kanyiva ndiye anayebadilisha maji. Watu wanasema pipa la Kanyiva kama ni shamba alilorithi. Mtu anapewa kazi ya kudumu kwa sababu samaki amepotea njia kutoka baharini! Na mimi diploma yangu iende wapi?

Nimefikiria kulipindua pipa kitu kirudi mtoni. Nikainua kifuniko kidogo. Kikanitazama. Nikafunga.

Njia nyingine itafutwe.


Jumanne, Novemba 18

Nimeipata. Nimeipata jamani! Sijui kwa nini mtu kama mimi bado anashika ndoo.

Watu wa hapa wanaogopa samaki wa kawaida. Sasa huyu anayefanana kabisa na nyoka? Neno dogo tu litatosha. Watapandwa na wasiwasi, waje kulalamika Jumanne mbele ya wageni, na Kanyiva mwenye pipa aonekane ndiye chanzo cha fujo. Halafu mimi, taratibu, nitasimama. Nitawatuliza. Nitakunja shati, nitamwinua mkunga mbele ya macho yao, niseme wananchi, huyu ni samaki tu. Wakubwa wa Kitui wataona mtu ambaye wenyeji wanamwamini. Nitawasha moto mwenyewe na kuuzima mwenyewe.

Mahali pa kuwashia ni Musyoka. Huyo mdomo wake hauna mlango. Nikamvuta kando ya uzio, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ndani ya pipa la Kanyiva si samaki, ni nyoka, mimi nimesoma, namjua. Nikamwambia asiseme nimesema mimi.

Akaapa kwa watoto wake. Kisha akasema anaenda sokoni kununua kiberiti. Mtu ambaye havuti hata sigara.


Alhamisi, Novemba 20

Leo nilienda kunywa chai kwa Mama Ndila. Kibanda chake kiko njia panda, na yeye ndiye kiongozi wa kina mama wa maombi, kwa hivyo ukitaka kujua Ikutha inasema nini, agiza chai na unyamaze.

Wueh! Kabla sukari haijayeyuka nimesikia kwamba nyoka wa kituoni ana masikio. Masikio! Chapati ya kwanza ikaisha, nikaambiwa analia kama mtoto mchanga. Nilifunga mdomo kwa mkono nisicheke. Watu wa huku ukiwapa punje wanarudisha gunia. Mama Ndila akaniuliza mimi ninayefanya kazi huko nimeona nini. Nikavuta pumzi, nikasema mimi si msemaji, ila kile kitu hakilali. Mama Ndila akashusha birika.

Halafu mzee mmoja pale pembeni akasema mbuzi wake hajaonekana tangu pipa lifike.

Mjinga. Mbuzi ameibwa tu, kila mtu anajua Ikutha mbuzi huibwa.

Kanyiva alipita akasikia. Akawaambia ni samaki, waje wamwone kwa macho yao, na chai atawapa. Hakuna aliyeinuka. Mama Ndila hata alisogeza kiti chake. Nilimhurumia kidogo, Kanyiva. Kidogo sana.

Nimerudi kituoni kwa njia ya nyuma, nikazunguka mbali na kile kibanda cha mabati. Si uoga. Nilikuwa natafuta kivuli.

Lakini mbuzi alienda wapi?


Jumamosi, Novemba 22

Mazoezi. Nimechukua tyubu ya baiskeli ya Musyoka, nikaijaza maji, nikaifunga, nikaitumbukiza kwenye karai. Nikafumba macho, nikaiinua kwa mikono miwili huku nasema wananchi, huyu ni samaki tu. Mara ya kwanza niliitupa. Baadaye ikakubali. Sauti yangu inatoka vizuri sana, nzito kidogo, ya mtu wa kuajiriwa kabisa.

Musyoka akanikuta. Nikamwambia ni mazoezi ya mgongo. Akaniangalia kwa huzuni, akaniambia nijiangalie, maana jana kwa masikio yake mwenyewe amesikia kile kitu kikilia. Nikamuuliza kama si pampu ya hewa. Akasema pampu anaijua, hiyo haikuwa pampu.

Nimekaa kitandani nikafikiria kwa makini, kama msomi. Mimi nilisema nyoka. Nyoka tu, na kwamba hakilali. Masikio sikusema mimi. Kulia sikusema mimi. Mbuzi sikumtaja kabisa! Sasa kama hayo sikuyazusha mimi, yametoka wapi? Watu hawawezi kuokota masikio hewani.

Halafu simu. Mwaitu. Habari zimefika Nunguni kwa kina mama wa maombi, maana Mama Ndila ana dadake huko. Ati Ikutha kuna watu wanafuga nyoka mwenye pembe, na anayemlisha ni kijana wa Nunguni. Mwaitu analia kwenye simu. Anasema hakunizaa nilishe nyoka. Nimemwambia ni samaki. Akauliza kama ni samaki mbona sauti yangu inatetemeka. Jumanne anakuja na kanisa kuniombea.

Nimemkataza. Lakini basi wameshakodi, na Mwaitu hakatazwi.


Jumatatu, Novemba 24

Madam alinituma nikaangalie kama pampu inafanya kazi. Kanyiva alikuwa mtegoni. Nikajikaza. Nikainua kifuniko.

Ana masikio.

Mawili, madogo, nyuma ya kichwa, kushoto na kulia. Yanapepea. Nimeyaona mchana kweupe na sikuwa nimekunywa chochote.

Sikugusa pampu.


Jumanne, Novemba 25

Lazima niandike, maana wengine wataisimulia vibaya.

Wageni walifika kutoka Kitui, watatu, gari jeupe limeoshwa hadi linang'aa. Hawajasalimiana vizuri, basi la Nunguni likaingia. Mwaitu akashuka wa kwanza, kitambaa cheupe kichwani, leso mbili kiunoni. Nyuma yake kina mama wote wa kanisa. Upande wa sokoni nako Mama Ndila na kundi lake, wanaimba kwa nguvu. Na yule mzee wa mbuzi amekuja na kamba, ati kama mbuzi bado yuko ndani atarudi naye nyumbani.

Madam Nduta akauliza nani amewaambia nini hawa watu. Musyoka akaniangalia. Mimi nikaangalia mto.

Moto ulikuwa umewaka vizuri sana. Kilichobaki ni kuuzima. Nikajisemesha moyoni: Kiilu, ni samaki, Madam amesema ni samaki, na mambo ya masikio yasubiri. Nikasogea mbele, nikainua mkono. Wakanyamaza! Nikawaambia wananchi, tulieni, mimi ni mtaalamu, leo mtajua ukweli. Mgeni mmoja mwenye miwani akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Niliiona ile kazi. Niliiona kabisa, na kiti chake.

Kanyiva akaninong'oneza nichukue gunia bichi, maana mkunga anateleza na anapenda kujizungusha. Nikamwambia asimame kando ajifunze.

Nikakunja shati. Nikafungua kifuniko. Nikafumba macho kama kwenye mazoezi, nikaingiza mkono. Tyubu haikuwahi kunifanya hivi. Kile kitu kilijizungusha kwenye kiwiko changu, polepole, kikaniminya.

Sauti iliyotoka sikuijua. Nzoka! Nzokaaa! Yaani nyoka, kwa Kikamba safi cha susu, cha mtu anayeita kijiji kizima. Pipa nililipiga teke, au lilinipiga, sijui. Nilipopata fahamu nilikuwa juu ya paa la gari la wageni, viatu na matope yote, nimeshika chuma cha mizigo.

Chini kulikuwa kiama. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mama Ndila aliingia mtoni hadi magotini. Mzee wa mbuzi aliwahi lango akiwa bado na kamba yake. Wageni wawili walijifungia ndani ya gari, chini yangu. Na kile kitu kinatambaa kwenye maji yaliyomwagika, kichwa mbele, kuelekea mtoni, Kanyiva nyuma yake na gunia anapiga kelele wasimkanyage.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Mwaitu. Alikuwa bado anaomba, macho yamefumbwa. Mkunga akaenda moja kwa moja hadi kwenye miguu yake. Nilipiga mayowe, Mwaitu kimbia! Sikuteremka. Naandika ukweli: mama yangu alikuwa chini na mimi sikuteremka.

Akafumbua macho. Akaangalia chini. Akafungua leso ya juu, akaitupa juu ya kile kitu, akapiga magoti na kukikamata kama anavyokamata kuku wa wageni. Akakifunua. Akakitazama kwa karibu, huku na huku. Kisha akasema kwa sauti ya kanisani kwamba haya si masikio, haya ni mapezi, na nyoka hana mapezi.

Akamuuliza Kanyiva samaki huyu anakula nini na ametoka wapi. Kanyiva akaeleza, bahari, mto, mamba, yote, huku wanasaidiana kumlowesha. Mama mmoja wa Nunguni akasogea karibu hatua moja. Akamgusa kwa kidole. Akacheka. Wa pili akaja. Mama Ndila akatoka mtoni, naye akataka kugusa. Baada ya muda kidogo walikuwa wanasukumana kama kwenye foleni ya mafuta ya bei nafuu, na mmoja akauliza anapikwa vipi. Kanyiva akasema huyu hapikwi, ni mgeni, lakini tilapia wako jikoni. Madam akafungua sufuria zilizoandaliwa kwa wageni. Wakala. Kina mama wa Nunguni wakala samaki, nimewaona kutoka juu, wanauliziana chumvi.

Mgeni mwenye miwani alitoka kwenye gari anatabasamu. Akasema tangu aanze hii kazi hajaona wenyeji wengi hivi wakija kituoni kwa hiari yao. Nikamwita kutoka juu, nikamweleza kwamba wameitwa na mimi, huo ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Hakusikia, au alijifanya.

Akageuka, akawauliza kina mama yule aliye juu ya gari ni nani.

Mwaitu alifuta mikono kwenye leso. Akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba huyo ni meneja.


Jumatano, Novemba 26

Kazi imeenda kwa Kanyiva. Imekwenda, imekwenda tu. Mkunga wamemwachilia upande wa juu wa uzio aendelee na safari, na Ikutha nzima ikampungia mkono kama anaenda ng'ambo. Hata mbuzi amepatikana. Alikuwa kwa shemeji wa yule mzee, amezaa.

Kuhusu mimi, wageni wameshauri nisikaribie mapipa. Kanyiva alinibebea begi hadi barabarani na akanipa mandazi ya safari, moto, manne. Maringo tu hayo. Nilikula, lakini kwa dharau.

Nilirudi na basi la kanisa. Waliimba njia nzima, hakuna aliyeniuliza neno. Mwaitu alinipa kiti cha dirishani. Tulipoanza kupanda mlima na baridi ya kwetu ikaingia, aliniambia bila kuniangalia kwamba alijua tangu mwanzo sijaajiriwa kabisa, maana meneja hapigi simu nyumbani kuomba sabuni. Nikamuuliza mbona basi alishukuru kanisani. Akasema alidhani nikisikia watu wamepiga makofi, nitajitahidi.

Iliniuma. Naiandika ilivyo.


Jumamosi, Desemba 20

Nunguni. Baridi. Hii ndiyo hali ya hewa ya binadamu.

Lakini sina amani, maana Mwaitu ameanza biashara. Samaki! Kanyiva anamtumia tilapia kutoka kwenye mabwawa ya wakulima, wanafika asubuhi kwa barafu, Mwaitu anakaanga pale karibu na lango la soko. Harufu inafika kanisani. Watu ambao susu zao walizika mikebe nyuma ya choo sasa wanapanga foleni na sahani. Mwaitu anawaambia ukiona mapezi usiogope. Ameshazoea kusema hivyo hadi watoto wanaitikia.

Na nani anaparua magamba? Mimi. Mwenye diploma! Nimekaa kwenye debe tangu asubuhi, magamba hadi kwenye nyusi, na paka watatu wa soko wananizunguka. Kila anayepita ananisalimia habari ya leo meneja. Leo pia Kanyiva alipiga simu, akauliza kama nimezoea glavu. Wakacheka yeye na Mwaitu, simu ikiwa sauti ya juu, wateja wote wanasikia.

Hii haiwezi kuendelea. Mwaitu anahitaji kufungua mahali pa maana, hoteli ya viti, chai na keki, na mimi niisimamie. Kwa samaki hatafika mbali. Wateja wakipungua kidogo, kidogo tu, atanisikiliza. Nitawasha moto, kisha nitauzima mwenyewe.

Kwa hivyo mchana, mke wa mwenyekiti wa soko alipokuja na sahani yake, nilimvuta kando. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba wale wa chini kabisa kwenye beseni, wale warefu warefu, si samaki. Mimi nimefanya kazi huko, nawajua. Nikamwambia asiseme nimesema mimi. Akaapa kwa watoto wake, akaondoka mbio mbio kuelekea kwa fundi wa cherehani, ambako kina mama wote hukaa.

Kazi safi kabisa.

Jioni Mwaitu ameniambia nimalizie kuparua waliobaki kwenye beseni. Nimemwambia mikono inaniuma, afanye yeye. Si uoga. Lakini nilipochungulia, yule wa chini kabisa alijikunja.